Mtwara hadi Pemba ya Msumbiji: upande ndege kupitia Dar, uvuke Kilambo, au uzunguke Daraja la Umoja?

Mjomba alinikuta kibarazani Chikongola, msimu wa korosho umepamba moto, kofia kichwani na daftari kwapani. Mpwa wake anaolewa Pemba, Jumamosi ya wiki inayofuata. Kwetu Wamakonde baba wa binti anaweza kuchelewa na shughuli ikaendelea. Mjomba asipokuwepo, watu hukaa wakatazamana.

"Baba," akaniambia, "wewe ndiye mwenye simu kubwa. Hebu nitazamie, Pemba kwa ndege ni mwendo gani?"

Nikaandika. Simu ikajibu kilomita 560 na ushei. Mzee akakunja uso. "Haiwezekani. Pemba ni hapo tu, ng'ambo ya Ruvuma. Marehemu baba alikuwa akienda Mueda kwa miguu."

Mzee alikuwa sahihi. Simu ilikuwa imetupeleka kaskazini, kwenye Pemba ya karafuu, ndugu yake Unguja. Mwenye kutafuta safari hii aanzie hapo, maana watu wameshakata tiketi ya Pemba isiyo yao. Kwenye tiketi uwanja wa kisiwani huandikwa PMA. Ule wa Msumbiji, makao makuu ya jimbo la Cabo Delgado, mji ambao Wareno waliuita Porto Amélia, huandikwa POL. Herufi hizo tatu zisome kabla hujalipa, usitegemee jina.

Namba ya ramani

Baada ya kusahihisha, simu ilitupa kilomita 297. Hiyo unaweza kuihakiki kwa kalamu. Mtwara iko nyuzi 10.34 kusini mwa Ikweta, Pemba nyuzi 12.99. Tofauti yake ni nyuzi 2.65, na kila nyuzi ya kwenda kusini ni kama kilomita 111, kwa hiyo unapata 294. Pemba imesogea kidogo mashariki, kama kilomita 37, na huo mteremko wa pembeni ndio unaoongeza zile tatu. Kwa mabaharia ni maili 160 za bahari. Mstari wenyewe unaivuka Ruvuma, unapita karibu kabisa na Mocímboa da Praia, unaviacha Visiwa vya Quirimbas mkono wa kushoto, kisha unatua.

Muda je? Programu nyingi za kukokotoa huchukua mwendo wa ndege kubwa ya jeti, kilomita 800 hivi kwa saa, zikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, zikakupa dakika 50. Si uongo, ila ni ndege isiyokuwepo. Kwa ndege za pangaboi tulizozizoea huku, Q400 ingetumia kama dakika 45, ATR kama 50, na Caravan ndogo zaidi ya saa nzima. Utaona kwamba kati ya Q400 na ATR hakuna tofauti kubwa japo mwendo wao hewani unapishana kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Safari ikiwa fupi namna hii, muda mwingi unaishia kuzunguka uwanjani, kupanda na kushuka.

Mjomba aliposikia dakika 45 alifunga daftari. Nikamwambia afungue tena, kwa sababu hakuna ndege ya abiria yenye ratiba inayotoka Mtwara kwenda Pemba moja kwa moja. Njia ya kurukia pale Mtwara imerefushwa, uwanja una taa, lakini ndege zake zinaelekea Dar es Salaam. Kwa hiyo ili uende kusini, sharti kwanza uende kaskazini.

Kupitia Dar

Hizi ni kilomita za mstari ulionyooka, uwanja kwa uwanja:

| Kipande | Kilomita | Muda wa hewani |
|---|---|---|
| Mtwara–Pemba (haipo) | 297 | dakika 45 hadi 50 |
| Mtwara–Dar | 400 | saa moja na dakika chache |
| Dar–Pemba | 694 | saa moja na robo hadi na nusu |
| Mtwara–Pemba kupitia Dar | 1,094 | saa mbili na nusu hivi |

Karibu mara nne ya umbali halisi. Na kuna jambo lililomchekesha mjomba hadi akakohoa: mstari wa Dar–Pemba unapita kama kilomita 25 tu magharibi mwa Mtwara. Yaani unatoka nyumbani, unalipa nauli hadi Dar, unalipa nauli nyingine, halafu unapita juu ya ulikotoka.

Lakini saa mbili na nusu za hewani si kitu. Kinacholiwa ni kusubiri. Kipande cha Dar–Pemba kimekuwa mikononi mwa LAM, shirika la taifa la Msumbiji, na si safari ya kila siku. Ratiba yake imekuwa ikibadilika sana miaka hii ambayo shirika limekuwa na uhaba wa ndege. Kwa hiyo usianze kwa kutafuta tiketi ya Mtwara–Dar, ambayo ni rahisi kupatikana. Anza na Dar–Pemba, ujue siku gani ndege ipo, ndipo urudi nyuma kupanga ya Mtwara. Wengi wanafanya kinyume, wanafika Dar Jumatatu wakiwa na furaha, kisha wanakaa kwa shemeji Kiwalani hadi Alhamisi wakila ugali wa watu.

Tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali ni mikataba miwili mbalimbali. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri wala huna cha kuidai. Utachukua begi lako, utalibeba mwenyewe hadi Jengo la Tatu ambako ndiko safari za nje zinakoondokea, na utapanga foleni upya na mzigo upya. Kwa sababu hiyo mimi huwaambia watu wawe Dar siku moja kabla. Gharama ya kulala ni ndogo kuliko ya tiketi iliyokufa.

Kama Dar–Pemba haipo kabisa wiki hiyo, mawakala watakutajia Johannesburg, maana kutoka kule ndege za Pemba zipo. Sikatai, mtu wa kampuni ya gesi anayelipiwa anaweza. Ila hesabu: Mtwara–Dar 400, Dar–Johannesburg kama 2,440, Johannesburg–Pemba kama 1,950. Karibu kilomita 4,800 za kwenda mahali palipo umbali wa 297. Mjomba aliniuliza kama huko njiani wanagawa ubwabwa.

Saa zinazodanganya

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu pameniuma mwenyewe.

Msumbiji iko nyuma yetu saa moja. Jua linapochomoza Mtwara na Pemba ni karibu dakika zilezile, kwa kuwa miji hii karibu imepangana kaskazini-kusini, lakini saa ya ukutani haiko sawa. Tiketi huandika saa za mahali pa kuondoka na saa za mahali pa kufika. Chukua mfano wa ndege inayotoka Dar saa nane mchana na kukaa hewani saa moja na robo. Tiketi itasema umefika Pemba saa nane na robo. Mtu asiyejua atadhani ni safari ya robo saa. Wakati wa kurudi, ukiondoka saa tisa za Pemba, tiketi itasema umefika Dar saa kumi na moja na robo, kana kwamba rubani alipotea njia. Safari ni ileile. Ukitaka muda halisi wa kuruka, wakati wa kwenda ongeza saa moja juu ya tofauti unayoiona, wakati wa kurudi ipunguze.

Ongeza na Kireno. Sisi tunahesabu saa tangu alfajiri, wao tangu usiku wa manane. Saa mbili asubuhi ya Mtwara, kule ni saa moja asubuhi, na msema Kireno ataitaja "sete", yaani saba. Ukitafsiri kwa pupa utaelewa saa saba mchana na utaenda uwanjani ndege imeshatua inakokwenda. Dawa ni kuomba waandike kwenye karatasi kwa tarakimu za mtindo wa 24.

Kilichonipata mimi ni hiki. Nilikuwa narudi kutoka Pemba na saa ya mkononi niliyoirudisha nyuma kwa adabu nilipofika kule. Dar nikashuka, nikachukua begi, nikaangalia mkono, nikaona nina saa nzima na zaidi kabla ya ndege ya Mtwara. Nikanywa chai na sambusa mbili. Nilipofika dirishani binti akanitazama kwa huruma: "Kaka, hiyo imeshaondoka." Saa ya mkononi ilikuwa bado iko Msumbiji. Tangu siku hiyo naiacha kwenye saa za nyumbani safari nzima, na za kule nazihesabu kichwani.

Kilambo

Barabara fupi inapitia Kilambo, kama kilomita 40 kutoka mjini. Unavuka Ruvuma kwa pantoni kama inafanya kazi, au kwa boti na mitumbwi, unatokea Namoto, kisha Palma, Mocímboa da Praia, Awasse, Macomia, hadi Pemba. Jumla inakaribia kilomita 500. Njiani utapita Quionga, sisi tunasema Kionga, kipande cha ardhi ambacho Wajerumani walikichukua mwaka 1894 na Wareno wakakirudisha mwaka 1916. Wazee wa upande ule bado wanachanganya wajukuu wa pande zote mbili kwa jina moja la ukoo, na kwa masikio yangu Kimwani cha pwani kinasikika kama Kiswahili kilichokaa sana jua la kusini.

Hapo kwenye kuvuka, ratiba haitoki kwa mtu, inatoka kwa maji. Kilambo iko karibu na mlango wa mto, kwa hiyo pantoni hutegemea bahari. Maji yakijaa unavuka, yakipwa unakaa kwenye mchanga unahesabu ndege mnandi. Masika, mto ukifurika kutoka juu, hata hesabu za bamvua hazisaidii. Uzuri wa njia hii ni mzigo. Gunia la korosho, majora ya vitenge, masufuria ya harusi, vyote vinavuka, wakati kwenye ndege kila kilo ya ziada inakupunguzia heshima mbele ya mizani. Na uzuri wa pili ni kwamba safari inaanza na kuisha bila kungojea ratiba ya shirika lolote.

Ubaya wake nao hauhitaji kunong'onwa. Mocímboa da Praia ilishambuliwa na waasi wenye silaha Oktoba 2017, ikatekwa Agosti 2020, ikakombolewa Agosti 2021. Palma ilivamiwa Machi 2021. Oktoba 2020 moto ulivuka hata mto na kijiji cha Kitaya, upande wetu huu, kikashambuliwa. Barabara ya Macomia imekuwa ikipitwa kwa misafara inayosindikizwa na askari, na msafara huondoka pale mkuu wake anapoamua, si pale harusi inapoanza. Kuna wiki ambazo watu wanapita na kurudi wakicheka, na kuna wiki ambazo hata dereva mzoefu anakwambia ngoja. Mwenye ndugu Palma au Mocímboa, ambaye mwisho wa safari yake ni hapo, hana njia nyingine ya maana. Anauliza hali kwa waliovuka jana, anakwenda. Anayekwenda Pemba yenyewe anapita urefu wote wa eneo hilo. Huo ni uzito tofauti.

Daraja la Umoja

Hili wengi wanalikimbilia kwa sababu ni daraja, halijui kupwa wala kujaa. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2005, Kikwete na Guebuza wakalifungua tarehe 12 Mei 2010. Lina mita 720, kati ya Mtambaswala kwetu na Negomano kwao. Ni kazi nzuri. Tatizo ni mahali lilipo. Kutoka Mtwara unapanda Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilomita 210, kisha Mangaka, kisha kilomita 65 za Mangaka–Mtambaswala. Umeshamaliza zaidi ya kilomita 300, umbali wote wa angani wa Mtwara–Pemba, na bado hujagonga muhuri wa kutoka.

Ng'ambo kuna kama kilomita 170 hadi Mueda, ambako lami imekuwa ikisogezwa kwa vipande, halafu unateremka kwa Montepuez au Macomia. Safari nzima inazidi kilomita 800. Na yote hayo bado ni Cabo Delgado ileile, kwa hiyo usidhani kwamba kwa kuzunguka umelikwepa suala la usalama. Umebadilisha vijiji tu. Njia hii inamfaa mwenye gari lake au lori, na inamfaa zaidi mtu wa Masasi, Nanyumbu au Newala anayekwenda Mueda. Kwa huyo ndiyo njia ya kwanza, wala hana haja ya kusoma haya ya ndege. Kwa mtu wa Mtwara mjini anayekwenda Pemba, ni kuzunguka mbuyu.

Bahari nitaigusa tu. Wazee walingoja kaskazi ianze kuvuma, Novemba au Desemba, ikawasukuma kusini kwa jahazi, wakarudi na kusi. Maili 160 kwa mwendo wa maili tano kwa saa ni zaidi ya siku moja usiku na mchana. Siku hizi maji yale yana doria pande zote mbili, na mtu asiye na karatasi kamili atakuwa na maelezo mengi ya kutoa. Iache kwa wenye vyombo.

Wa Lindi

Ndugu zangu wa Lindi mara nyingi wananiuliza kama wao waende Dar moja kwa moja kwa basi. Mtwara kwenu ni kilomita mia na kidogo, Dar ni kama 450. Kama ndege ya Mtwara–Dar siku hiyo ni ya alasiri, panda basi la alfajiri uende zako Dar, utafika karibu wakati uleule na nauli itakuwa ndogo mno. Ila kwenye miezi ya mvua kumbukeni Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga na mabasi yakalala njiani. Mvua ikiwa nzito, njooni Mtwara mpande ndege.

Ningechaguaje

Mimi sihesabu kilomita tena, nahesabu usiku. Ndege kupitia Dar ni usiku mmoja ukipanga vizuri, tatu au nne ukipanga vibaya. Kilambo, kiangazi na hali ikiwa tulivu, ni siku nzima hadi siku mbili, na ukikwama kwenye msafara au kwenye maji hujui. Daraja ni siku mbili kwa gari zima. Ukiwa na tarehe isiyosogezwa, kama harusi, mahakama au daktari, panda ndege, maana angalau kuchelewa kwake kunajulikana kabla hujatoka nyumbani. Ukiwa na mzigo na siku za kutosha, uliza Kilambo, na uliza kila siku hadi siku ya kuondoka. Msiba ndio mgumu, hauna ratiba. Hapo watu wa Mtwara hutuma mwakilishi aliyeko upande ule na wao wakaenda arobaini.

Karatasi ni zilezile kwa njia zote: pasi, na kadi ya manjano uwe nayo mkobani. Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi. Fedha za meticais zitafute kidogo kabla, kwa ajili ya teksi ya kwanza.

Mjomba alichagua ndege. Ndege ya Dar–Pemba wiki ile ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo aliondoka Mtwara Jumatano, korosho kilo tano kwenye begi badala ya gunia alilotaka, na mimi nikamwambia aombe kiti cha dirishani, upande wa kushoto. Alhamisi jioni akanipigia kutoka Paquitequete, mtaa wa hukohuko Pemba, nyuma yake ngoma zimeshaanza.

"Baba," akasema, "jana nimetoka Mtwara, leo nimeiona tena, na ghuba yake, na bandari. Sasa ile nauli ya Dar nililipia nini?"